Usiulize Darubini Inakuza Mara Ngapi

Mpwa wangu wa Newala aliuza korosho, akalipa deni la pembejeo, akamwezekea mama yake jiko, na kilichobaki akanunua darubini. Ilimfikia ndani ya boksi lenye picha ya Zohali na pete zake, rangi zimekolea kama za khanga mpya, na pembeni tarakimu kubwa nyekundu: 525. Yaani inakuza vitu mara 525. Wiki mbili hazijapita akanipigia simu huku Mikindani.

"Shikamoo mjomba. Nimeuziwa kitu kibovu. Nikiangalia naona kiza, na nikibahatika kuona nyota inakimbia kabla sijaishika vizuri."

Nilipanda kwenda Newala. Tukaitandaza ile darubini kwenye mkeka, mchana, chini ya mkorosho, nikaikagua kipande kwa kipande. Lenzi safi, bomba limenyooka, skrubu zote zipo. Haikuwa na kasoro. Kilichompoteza ni ile 525, na imewapoteza wengi kabla yake. Kijana anatoa fedha yake, anachungulia usiku mbili tatu, anakata tamaa, na chombo kinapandishwa juu ya kabati mpaka lenzi inaota ukungu. Inaniuma, kwa sababu anga la kusini kwetu ni tajiri kuliko analoliona mtu wa Ulaya, na darubini ndogo inatosha kabisa kuanza kulisoma. Kwa hiyo nayaandika hapa niliyomweleza pale mkekani, pamoja na tuliyoyaona usiku mmoja baadaye.

Paa na kisima

Mtu wa Newala hafundishwi kutega maji. Uwanda wa Makonde uko juu, mchanga wake hunywa mvua yote, na mito iko chini kabisa mabondeni. Kwa hiyo watu huvuna mvua: bati, mfereji, kisima cha saruji uani. Na kila mmoja anajua kwamba mvua ikinyesha usiku mmoja juu ya kijiji kizima, mwenye nyumba kubwa anajaza kisima na mwenye kibanda anapata ndoo mbili. Mvua ni ileile. Kilichotofautiana ni upana wa paa.

Mwanga wa nyota hutunyeshea hivyohivyo. Mboni ya jicho la kijana ikizoea giza hufunguka hadi milimita 7 hivi; ya mtu wa umri wangu huishia karibu na 5. Hilo ndilo paa tulilozaliwa nalo. Lenzi ya mbele ya darubini ya mpwa wangu ina kipenyo cha milimita 70, mara 10 ya mboni yake. Na kwa kuwa eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo, lenzi ile inakusanya mwanga mara 100 kuliko jicho. Kioo cha milimita 200 kinakusanya mara 800 na ushee. Hii ndiyo kazi ya kwanza ya darubini, iwe ya lenzi au ya kioo: kuvuna. Nyota ambayo matone yake ni machache mno kwa jicho tupu inaanza kuonekana kwa sababu paa limepanuliwa.

Ndiyo maana ukikutana na watu wanaozifahamu darubini hutawasikia wakiulizana "yako inakuza mara ngapi?" Wanaulizana kipenyo.

Maji yaleyale kwenye sinia

Kukuza ni kazi ya kipande kidogo cha nyuma, lenzi ya jicho, ambacho hubadilishwa kama biti za drili. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua urefu wa fokasi wa lenzi ya mbele, yaani umbali kutoka kwenye lenzi mpaka mahali miale inapokutana, ugawe kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Darubini ya mpwa wangu ina fokasi ya milimita 700, na ndani ya boksi mlikuwa na lenzi za jicho tatu: ya milimita 25, ya 10 na ya 4. 700 ukigawa kwa 25 unapata 28. Ukigawa kwa 10, unapata 70. Ukigawa kwa 4, unapata 175. Halafu kulikuwa na kipande cha nne, lenzi ya Barlow, inayozidisha yote hayo mara 3. 175 mara 3 ni 525. Tarakimu ya boksini ilitoka hapo. Hesabu yake haina kosa, na kweli vipande vyote unaweza kuvichomeka pamoja. Ndivyo alivyofanya kijana kila usiku, maana nani atanunua kitu cha 525 akitumie kwa 28?

Lakini kisima hakikuongezeka maji. Yaliyomo ukiyamimina kwenye bakuli yana kina. Ukiyamwaga kwenye sinia la pilau la watu kumi, yanalowanisha sakafu tu. Kutoka mara 28 hadi mara 525 picha inapanuka karibu mara 19 kwenda juu na mara 19 kwenda pembeni, kwa hiyo mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo kubwa mara 350 hivi. Kiza alichokiona ni hicho.

Na mbio je? Dunia inajizungusha nyuzi 15 kila saa. Kwa jicho tupu mwendo huo hauonekani, ila darubini inapokuza kitu inakuza na mwendo wake. Kwa mara 28 nyota hubaki machoni dakika sita hivi kabla ya kutoka upande wa pili. Kwa mara 525 hubaki sekunde 20, na katika hizo sekunde 20 ile miguu mitatu myembamba ya chuma bado inatetemeka tangu ulipoigusa.

Mlango wa ghuba

Hapo mpwa wangu alinibana. Mwezi una mwanga wa kumwaga, akasema. Basi hata ukitandazwa si utabaki wa kutosha? Kwa Mwezi 525 itafaa.

Haitafaa, na sababu yake ni ya kina zaidi. Kaa Mikindani siku ya upepo, uangalie mlango wa ghuba. Bahari ya nje huleta mawimbi yaliyonyooka, mstari baada ya mstari. Yakipita kwenye mlango mwembamba hayaendelei kunyooka; yanafunguka kama kipepeo cha ukili na kusambaa ndani. Mlango ukiwa mwembamba zaidi, yanasambaa zaidi. Mwanga nao ni wimbi, na lenzi ya mbele ndiyo mlango wake. Nyota iliyo mbali kama nukta, mwanga wake ukishapita kwenye tundu la milimita 70, haifiki tena kama nukta. Inakuwa kiduara kidogo chenye ukungu. Mashimo mawili ya Mwezini yaliyo karibu kuliko upana wa kiduara hicho yanaungana, na lenzi ya jicho haiwezi kuyatenganisha, kwa sababu habari zake zilishapotea mlangoni. Ni kama picha ya harusi kwenye simu: unaivuta kwa vidole viwili ili uone uso wa mtu aliyesimama safu ya nyuma, uso unakua, unakua, halafu unakuwa miraba tu.

Mwingereza William Dawes, mchungaji wa karne ya 19 aliyekuwa na jicho kali, alitupa kipimo kinachotumika hadi leo. Gawa 116 kwa kipenyo cha darubini kwa milimita, utapata pembe ndogo kabisa inayoweza kutenganishwa, kwa sekunde za tao. Sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja. Kutokana na mpaka huo wa mawimbi watu wa darubini wana kanuni ya mkononi: usikuze zaidi ya mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo. Milimita 70, basi mara 140, tena usiku hewa imetulia. Zaidi ya hapo unakuza ukungu.

Kipimo cha Dawes kinajibu pia swali ambalo halikosi kila nikisimamisha darubini penye watu: bendera iliyosimikwa Mwezini mwaka 1969 tunaweza kuiona? Bendera ile ina upana wa kama mita moja na nusu, na Mwezi uko kilomita 384,400. Pembe yake inatoka 0.0008 ya sekunde ya tao. Gawa 116 kwa hiyo, na unahitaji darubini ya kipenyo cha mita 145, upana unaozidi urefu wa uwanja wa mpira. Kioo cha Hubble, darubini inayoizunguka Dunia, kina mita 2.4. SALT, darubini kubwa iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, ina kioo cha mita 11 hivi kilichounganishwa kwa vipande 91. Inayojengwa Chile itakuwa na mita 39. Hakuna inayofikia. Picha tulizonazo za sehemu zile, zinazoonyesha mabaki ya vyombo na njia walizopita wanaanga, zilipigwa kwa karibu na LRO, chombo kinachouzunguka Mwezi tangu 2009.

Hapo wengine huruka: kama hawawezi kuona bendera hapo Mwezini, wanaonaje galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota, iliyo mbali ya kutisha? Swali hili nalipenda, kwa sababu ndani yake mmejificha mkanganyiko wote. Kitu kuwa mbali si lazima kiwe kidogo machoni. Galaksi ya Andromeda iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, mwaka wa nuru ukiwa ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, na bado imetanda angani kwa nyuzi kama 3, sawa na Miezi mipevu sita iliyopangwa mstari. Haionekani hivyo kwa sababu ni hafifu. Bendera ina mwanga wa jua wa kutosha ila ni ndogo mno. Galaksi ina ukubwa wa kutosha ila mwanga wake unafika kama manyunyu. Vitu vingi vya angani ni vya kundi hilo la pili, na dawa yake ni paa pana.

Ukiwa bado hujanunua

Anza na darubini ya macho mawili, ile ya mabaharia, iliyoandikwa 7x50. Saba ni ukuzaji, 50 ni kipenyo. Gawa 50 kwa 7 unapata milimita 7 hivi, upana wa mwali unaotoka nyuma ya darubini, na ndio upana uleule wa mboni ya kijana gizani, kwa hiyo mwanga wote uliovunwa unaingia jichoni bila kumwagika. Ilipangwa hivyo kwa makusudi, kwa zamu za usiku melini. Ukija kununua kubwa, ya kioo juu ya stendi nzito ya mbao aina aliyoieneza John Dobson wa Marekani ni bora kuliko ya lenzi juu ya miguu ya waya. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi: usiifungie kwenye boksi ikiwa na umande.

Na Jua, kamwe. Tarehe 1 Septemba 2016, kupatwa kwa Jua kulipokusanya watu Rujewa, walitazama kwa miwani maalumu. Lenzi ikivuna mwanga wa Jua na kuumimina jichoni, upofu ni wa papo hapo na wa maisha. Vile vichujio vidogo vinavyochomekwa kwenye lenzi ya jicho hupasuka kwa joto. Ukivikuta ndani ya boksi lako, vitupe kabla mtoto hajaviona.

Ukingoni mwa Shimo la Mungu

Tulingoja giza la mwezi, kama wanavyongoja wavuvi wa dagaa. Ilikuwa Juni, mvua zimeshaondoka, baridi ya uwandani inauma. Tulisimama karibu na Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika na kuteremka kuelekea Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji, giza tupu upande wote wa kusini. Nilikuwa nimefunga kitambaa chekundu kwenye tochi, na simu ya kijana niliiomba nikaiweka mfukoni mwangu. Jicho linahitaji nusu saa kuzoea giza, na kioo cha simu hulirudisha mwanzo kwa sekunde moja.

Salibu, lile kundi la nyota lenye umbo la msalaba, ilikuwa juu kusini, na kando yake zile nyota mbili angavu. Iliyo mbali zaidi na Salibu ni Rijili Kantori. Nilichomeka lenzi ya milimita 10, mara 70, nikamwachia nafasi.

"Mjomba, ziko mbili!"

Ziko mbili kweli, jua mbili zinazozungukana, na jicho tupu huziona moja. Hapo ukuzaji una haki yake: kutenganisha vilivyo karibu, pale mwanga unapotosha. Kisha tukarudi kwenye ya milimita 25, mara 28, tukatafuta Omega Kantori. Kwa jicho ni nyota yenye ukungu. Kwenye darubini ikawa mpira wa vumbi jeupe, na nilipomwambia asiukazie macho, autazame kwa pembeni, ukingo wake ukaanza kumeta punje punje. Ni nyota karibu milioni 10 zilizosongamana. Mtu wa London hawezi kuiona hata awe na fedha kiasi gani. Kwake haipandi juu ya upeo wa macho.

"Mbona haina rangi kama za kwenye boksi?"

Kwa sababu seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazitambui rangi. Tena jicho humwaga ndoo yake kila baada ya sehemu ndogo ya sekunde na kuanza upya, ilhali kamera huacha kisima wazi saa nzima, ndipo picha itolewe. Rangi nyingi za picha zile zipo; zinahitaji maji mengi kuliko yanayoshikwa na jicho.

Alinyamaza muda, jicho halijatoka kwenye lenzi. Kisha akauliza lile swali lenyewe: "Ninachokiona kipo sasa hivi?"

Hadi mwaka 1676 wasomi wengi waliamini mwanga hufika papo hapo. Mdenmark Ole Rømer, akiwa Paris, alifuatilia mwezi mmoja wa Mshtarii unaoingia kivulini kila baada ya saa 42 na nusu hivi. Dunia ilipokuwa ikijitenga na Mshtarii, saa za kupatwa zilizidi kuchelewa; ilipokaribia, ziliwahi. Mwezi ule haukuwa mvivu. Habari zake zilikuwa na safari ndefu zaidi. Leo tunajua mwendo wa mwanga, kilomita 299,792 kwa sekunde. Kutoka Mwezini ni sekunde 1.3. Kutoka kwenye Jua, dakika 8 na sekunde 20. Kutoka Rijili Kantori, miaka 4.4.

Nikamgeuza mashariki, Nge, lile kundi la nyota, alipokuwa amepanda, nikamwonyesha ile nyekundu iliyo moyoni mwake. Mwanga wake una miaka kama 550 njiani. Uliondoka kwenye nyota hiyo wakati Songo Mnara, kule Kilwa, ikiwa bado mji wa watu, kabla mtu yeyote hajabuni darubini. Wa Omega Kantori una miaka 17,000 hivi. Na katika eneo hilohilo la anga, kundi la nyota liitwalo Kantori, kuna galaksi iitwayo NGC 4696, ambayo darubini ya kijana haiifikii lakini ya milimita 200 usiku kama ule huiona kama doa la pumzi kwenye kioo. Iko miaka ya nuru milioni 150. Mwanga huo uliondoka wakati mijusi mikubwa ya Tendaguru ikitembea hapa Lindi, ile ambayo mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, Boheti bin Amrani akiwasimamia wachimbaji, na ambayo mmoja wao amesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mifupa ikawa jiwe, jiwe likachimbwa, likavuka bahari, na mwanga bado ulikuwa njiani.

"Kwa hiyo hizi nyota zote zimeshakufa."

Hapana, na hapa wengi huteleza. Karibu kila nyota inayoonekana kwa jicho tupu iko ndani ya miaka ya nuru elfu chache, na nyota huishi mamilioni, nyingi mabilioni ya miaka. Kupata habari za jirani zilizochelewa siku moja si kufiwa naye. Zipo, isipokuwa chache mno. Iliyokufa machoni petu ilikuwa Februari 1987, ndani ya lile Wingu Kubwa la Magellan linaloonekana kusini kwetu miezi ya mvua. Ilipasuka ikang'aa hadi kuonekana bila darubini, na kifo chenyewe kilikuwa kimetokea miaka 160,000 nyuma.

Tulilala kidogo, tukaamka kabla ya adhana. Kilimia kilikuwa kinachomoza upande wa Tandahimba. Wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na walikitazama kwa ajili ya jembe. Kijana alihesabu kwa jicho: sita. Akaelekeza darubini mwenyewe, safari hii akichomeka lenzi ya 25 bila kuuliza, kundi zima likaenea ndani ya duara moja. Alianza kuhesabu kwa sauti. Alipofika arobaini na kitu alipotea, akarudia mwanzo, akapotea tena, na huko nyuma mama yake alikuwa ameshawasha moto wa chai.